Fedha Ni Ile Inayopokelewa

Wapo wanaodai kwamba sarafu ya kidijitali isiyojulikana sana itaenea katika malipo, mradi ufundi wake uwe bora. Sisi hatukubaliani nao.

Bitcoin, iliyoanza mwaka 2009, huchukua wastani wa dakika 10 kuingiza fungu jipya la malipo katika daftari lake. Litecoin, iliyotokea mwaka 2011, huchukua dakika mbili na nusu. Ni nyepesi mara nne. Hata hivyo, muuza kabichi sokoni Lushoto ataikubali kwa sababu gani? Muuza mbolea haipokei, wala utingo wa basi la Mombo.

Sasa tuitazame M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Ilitosha kuwa na simu ndogo isiyo na intaneti. Nguvu yake ilikuwa shilingi, ambayo kila mtu aliizoea, pamoja na mawakala. Mkulima wa Mlalo akilipwa na mnunuzi wa Dar es Salaam, huenda kwa wakala akapewa noti. Sarafu za kidijitali hazikupata msingi huo; mwaka 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuwa si fedha halali nchini.

Hatusemi kwamba ufundi hauna maana, kwani chombo kibovu hukimbiwa. Lakini mwanafunzi anayebuni chombo cha malipo asianze kwa kuuliza, "Kina kasi gani?" Aulize kwanza, "Nani atakipokea, na kesho thamani yake itakuwa ile ile?"