Malazi: Mtihani wa kwanza wa wanafunzi wapya jijini Nairobi

KILA mwaka ifikapo Agosti na Septemba, maelfu ya vijana huteremka katika vituo vya magari jijini Nairobi wakiwa na masanduku, magodoro na barua za kujiunga na vyuo vikuu. Barua hizo hutaja kozi, karo na tarehe ya kuripoti. Jambo ambalo mara nyingi halielezwi waziwazi ni mahali ambapo mwanafunzi atalala.

Haikuwa hivyo tangu jadi. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, mwanafunzi aliyeteuliwa kujiunga na chuo kikuu cha umma alikuwa na hakika ya kitanda, chakula na pesa kidogo za matumizi. Mambo yalianza kubadilika mapema katika miaka ya 1990, serikali ilipoamua kwamba wazazi na wanafunzi wabebe sehemu ya gharama. Mnamo 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kusajili wanafunzi wanaojilipia karo, na vyuo vingine vikafuata mkondo huo. Madarasa yalijaa, karo ikaingia, lakini mabweni hayakuongezeka kwa kasi hiyo.

Pengo hilo lilizibwa na wenye nyumba. Mtaani Ngara, nyumba zilizojengwa zamani kwa ajili ya familia moja zimegawanywa vyumba na kugeuzwa kuwa hosteli. Wanaosomea Chuo Kikuu cha Kenyatta hutafuta makao Kahawa Wendani na Githurai. Kule Juja, majumba ya ghorofa yamechipuka kama uyoga kukizunguka Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta.

Wawekezaji wakubwa nao wameona faida. Mnamo 2019, kampuni ya Acorn ilichangisha Sh4.3 bilioni kupitia hatifungani ya kwanza ya kijani nchini ili kujenga makao ya wanafunzi. Hosteli za aina hiyo zina walinzi, intaneti na maji ya uhakika. Hata hivyo, kodi yake ni ndoto kwa mtoto wa mkulima mdogo anayetegemea mkopo wa serikali.

Hesabu yenyewe inatisha. Mfumo wa ufadhili ulioanzishwa mwaka wa 2023 uliwaweka wanafunzi katika makundi matano na kutenga mkopo wa matumizi wa kati ya Sh40,000 na Sh60,000 kwa mwaka. Hata anayetoka katika familia maskini zaidi, akigawa Sh60,000 kwa miezi tisa ya masomo, hubaki na takriban Sh6,700 kwa mwezi. Kutoka kwa fedha hizo anatarajiwa kulipa kodi, kula, kupanda matatu na kupiga chapa kazi za darasani.

Lakini kiini cha tatizo si uchache wa pesa pekee. Ni wakati. Mwenye nyumba hudai kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana kabla ya kutoa ufunguo, ilhali mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) aghalabu huwafikia wanafunzi wapya wiki kadhaa baada ya masomo kuanza. Ni katika kipindi hicho kifupi ambapo mzazi huuza ng’ombe, au kijana hujibanza kwa siri katika chumba cha mwenzake, wawili kitanda kimoja.

Wengine hukimbilia kwa jamaa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwanafunzi anayekaa kwa mjomba kwa miaka minne hulilipia jembe hilo kwa kulea watoto na kufanya kazi za nyumbani badala ya kudurusu. Kuna pia wanaotapeliwa na mawakala bandia wanaodai ada ya kuonyeshwa vyumba visivyokuwepo. Wasichana wanaokodi mbali kwa sababu ya unafuu wa kodi hurejea usiku wakihofia usalama wao.

Sheria nayo haiwafai. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, iliyotungwa mwaka wa 1959, huwakinga wapangaji wanaolipa kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi. Ni vigumu kupata chumba cha heshima karibu na chuo jijini kwa bei hiyo.

Wasimamizi wa vyuo hujitetea kwamba vyuo vya umma vimelemewa na madeni, na ni kweli. Hata hivyo, kuna hatua zisizohitaji mabilioni ya pesa. HELB inaweza kutoa sehemu ya mkopo inayotosha kodi na amana kabla ya siku ya kuripoti. Vyuo vinaweza kuwatengea wanafunzi wa mwaka wa kwanza vitanda vichache vilivyopo, kutaja idadi ya vitanda hivyo katika barua za usajili, na kukagua hosteli za kibinafsi kisha kuchapisha orodha ya zile salama.

Serikali imewekeza katika karo ya vijana hawa. Mwanafunzi akiacha masomo katika muhula wa kwanza kwa kukosa pa kulala, uwekezaji huo hupotea pamoja na ng’ombe wa mzazi wake.