Toa Mnyororo, Unidai Kortini

Wasee wa Chechelesi, hii maneno imenikaa kooni tangu wiki jana, acha niiteme.

Binamu yangu ni mtu wa boda. Aliingia kwa ploti ya mtu hapa tauni kushusha mteja, akamsaidia kubeba mzigo ndani, dakika kumi hivi. Kutoka, anapata gurudumu limefungwa mnyororo na kijana wa riflekta anamwambia, "Thao moja, faini ya paking." Langoni hakuna kibao. Bei haijaandikwa popote. Risiti, hakuna. Akalipa, kwa sababu pikipiki si yake na jioni mwenyewe anangoja hesabu. Hiyo ndiyo biashara yenyewe: wanajua huna muda wa kubishana.

Kabla mnipigie makofi, sisemi paking ya mtu ni bure. Hapo wengi wenu pia mnapotea. Kama kibao kiko langoni kimeandikwa soo moja kwa saa, ukakiona, ukaingia, umekubali. Huo ni mkataba hata kama hukutia sahihi. Ukihepa, mkora ni wewe.

Lakini mkataba una kanuni zake. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 23, inasema Kenya tunafuata kanuni za mikataba za Uingereza. Na huko, kwa kesi ya Thornton na Shoe Lane Parking, tiketi ilitolewa na mashine na masharti yalikuwa yamebandikwa ndani. Korti ikasema masharti unayoonyeshwa ukishaingia hayakufungi. Sasa bei inayotajwa mnyororo ukishafungwa ni bei gani hiyo?

Najua kuna mjuaji atanirushia Beavis. Sawa. Mwaka wa 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilimwambia Barry Beavis alipe pauni 85 kwa kupitisha saa mbili za bure kwa dakika 56. Alishindwa, ndiyo. Lakini soma yote: pale palikuwa na vibao kama 20, vikubwa, na kiasi kimeandikwa. Na kampuni ilimpeleka kortini. Haikumfungia gari. England na Wales, kumfungia mtu gari kwa ardhi ya kibinafsi bila mamlaka ya kisheria ni jinai tangu Oktoba 2012. Scotland walitangulia: mwaka wa 1992 korti ilisema huo ni wizi.

Hizo jinai za wazungu hazitufungi sisi, najua. Basi njoo nyumbani. Kifungu cha 40 cha Katiba kinalinda mali yako usinyang'anywe kiholela. Kifungu cha 210 kinasema hakuna ushuru wala ada ya leseni bila sheria. Yaani hata kanjo wenyewe lazima wawe na sheria nyuma yao. Huyu wa riflekta, ya kwake ni gani? Anaweza kudai deni. Faini hutozwa na sheria, si na mtu mwenye kufuli.

Na usiniambie, "Sasa mwenye ploti atalipwa vipi?" Kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya 2016, madai hadi milioni moja, na unajisimamia bila wakili. Ni usumbufu kufuata soo moja kortini? Basi weka kizuizi langoni, andika bei, chukua pesa mtu akiingia. Ni kazi ya asubuhi moja. Hawataki, kwa sababu kwa soo moja hawatajirika. Pesa iko kwa hiyo thao.

Ikikupata, piga picha ya lango kwanza, hasa kama halina kibao. Uliza jina la mwenye ploti. Na kama lazima ulipe ndiyo utoke, tuma kwa M-Pesa, ushahidi ubaki. Binamu yangu alitoa keshi.