Dawa ya Majani Yataka Kipimo

Ni nyumba chache katika Kenya zisizojua hata mti mmoja wa dawa. Mwenyeji wa Malindi ana mwarobaini wake uani, wa Baringo ana mshubiri pembeni mwa boma, na wa Nyeri amepata kuelezwa na wazee habari za gome la muiri. Elimu hii si ya kudharauliwa, wala si ya kufuatwa kwa macho yaliyofumbwa. Wako vijana waichekao kwa sababu hawakuisoma shuleni, na wako wazee watakao kuitibia kila ndwele. Wa kwanza hupoteza msaada ulio karibu nao. Wa pili huweza kupoteza mtoto.

Msomaji akumbuke ya kuwa dawa nyingi za hospitali zilitoka mitini. Kwinini ilipatikana katika gome la mti wa sinkona mwaka 1820, kwa kazi ya Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou. Dawa ya malaria iitwayo artemisinini ilitolewa katika mmea uliotumiwa tangu zamani huko China, na Bibi Tu Youyou kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Wataalamu hao hawakuumba nguvu mpya. Waliitenga nguvu iliyokuwamo, ikapimwa, hata kila kidonge kikawa sawa na mwenzake.

Majani hayana desturi hiyo. Mti hutofautiana na mti kwa umri, kwa udongo na kwa majira, na kikombe cha leo chaweza kuwa kikali kuliko cha jana, ingawa majani yaliyotiwa ni kiasi kile kile. Basi kanuni ni hii: nyumbani patengenezwe vitu ambavyo kosa dogo la kipimo halimdhuru mtu, na maradhi yauayo yapelekwe penye kipimo.

Kuujua mti

Kazi ya kwanza ni kuujua mti wenyewe. Mwarobaini, ambao asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani, umeitwa hivyo kwa kuwa watu husema unatibu maradhi arobaini. Lakini unaye jamaa, Melia azedarach, aliyepandwa mahali pengi kwa ajili ya kivuli, na matunda yake ni sumu. Wengi huwachanganya. Mwarobaini una vijani vilivyopangwa huku na huku kwenye kikonyo kimoja, na maua yake ni meupe. Yule jamaa yake, kikonyo chake hugawanyika tena kuwa vikonyo vidogo kabla ya kufika kwenye vijani, na maua yake ni ya rangi ya zambarau. Asiyeweza kutofautisha na asichume.

Kisha, achumaye asiue mti. Majani huota tena, lakini gome likichunwa kuuzunguka mti wote, mti hufa. Muiri umechunwa sana kwa ajili ya biashara ya dawa za ng'ambo, hata tangu mwaka 1995 biashara hiyo imewekewa masharti kwa mapatano ya mataifa. Mshubiri wa porini nao umelindwa katika Kenya kwa amri ya serikali tangu mwaka 1986. Atakaye mshubiri na apande wake.

Marhamu ya ngozi kavu

Marhamu ni kazi nzuri ya kuanzia, kwa kuwa hupakwa wala hainywewi. Majani ya mwarobaini yaoshwe, kisha yaanikwe kivulini kwa siku kadhaa, hata yakisuguliwa yavunjike kama majani ya chai. Hapo ndipo wengi wakosapo. Jani bichi lina maji, na maji yakiingia katika mafuta huleta ukungu.

Kikombe kimoja cha majani makavu yaliyopondwa kitiwe katika vikombe viwili vya mafuta ya nazi, ndani ya bakuli lililowekwa juu ya sufuria yenye maji ya moto. Mafuta yasipate moto moja kwa moja, maana yakiungua yameharibika. Yakae juu ya moto mdogo muda wa saa mbili, kisha yachujwe kwa kitambaa safi kilicho kikavu kabisa.

Baadaye mafuta yapimwe kwa mizani. Kwa kila gramu 100 itiwe nta ya nyuki gramu 20, na bakuli lirudishwe juu ya maji ya moto. Nta huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, kwa hiyo maji hayana haja ya kuchemka. Kabla ya kumimina, tone moja litiwe kwenye kijiko cha baridi, likiganda lijaribiwe kwa kidole. Pwani, ambako mafuta ya nazi huwa majimaji sehemu kubwa ya mwaka, gramu 25 za nta zafaa zaidi. Limuru kwenye baridi, 15 zatosha. Marhamu imiminwe katika makopo makavu yenye vifuniko, na kila kopo liandikwe jina la kilichomo na tarehe. Ikigeuka harufu, itupwe.

Marhamu hii hulainisha ngozi iliyokauka na visigino vilivyopasuka. Mtu aipake kwanza kidogo mkononi, angoje siku moja, aone kama ngozi yake yaikubali. Isipakwe kwenye kidonda kibichi, wala kwenye kitovu cha mtoto mchanga, wala mahali palipoungua. Aliyeungua amwagiwe maji baridi safi yatiririkayo kwa muda wa dakika 20. Mapunye ya kichwani nayo hayaponi kwa marhamu yoyote ya nyumbani, kwa kuwa ugonjwa umo ndani ya mizizi ya nywele na hutaka dawa ya kumeza.

Jambo moja lisisahauliwe. Mafuta yakamuliwayo katika kokwa za mwarobaini yamepata kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa. Chupa yake iwekwe mbali na watoto.

Katika mshubiri pia mna vitu viwili. Ute mweupe wa katikati ya jani huburudisha ngozi iliyochomwa na jua. Utomvu wa manjano ulio chini ya ganda ni mwingine kabisa: ni mchungu, na anywaye huharisha sana. Kwa hiyo jani likikatwa lisimamishwe kwanza, utomvu wa manjano uchuruzike, kisha limenywe na kuoshwa.

Kikohozi na kuhara

Kwa kikohozi cha mafua, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba ipondwe na kuchemshwa katika vikombe viwili vya maji kwa dakika 10. Ikipoa kidogo itiwe kijiko cha asali na maji ya ndimu. Kinywaji hiki hutuliza koo. Lakini mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, kwa sababu yaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumboni mwake huzaa sumu ya kulegeza viungo.

Mtoto akohoapo, mama na atazame saa, ahesabu pumzi zake kwa dakika nzima wakati ametulia. Mtoto wa chini ya miezi miwili akivuta pumzi 60 au zaidi, wa miezi miwili hadi mwaka 50 au zaidi, na wa mwaka mmoja hadi mitano 40 au zaidi, yafaa kumshuku nimonia. Vivyo hivyo ikiwa kifua chake chabonyea ndani anapovuta pumzi. Tangawizi haina kazi hapo. Apelekwe hospitali siku ile ile.

Kwa kuhara, dawa bora ya nyumbani si jani wala mzizi. Ni maji yaliyochemshwa na kupoa, lita moja, yaliyotiwa sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Mtoto anyweshwe kidogo kidogo, mara kwa mara. Hapa kipimo ndicho dawa yenyewe, kwani chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Pakiti za zahanati ni bora zaidi zikipatikana, na huko mtoto hupewa pia vidonge vya zinki.

Homa

Hebu msomaji afikirie nyumba moja. Mtoto ana homa Jumatatu. Bibi achemsha mwarobaini. Jumanne jasho latoka, wote wafurahi. Jumatano homa yarudi, na dawa yaongezwa ukali. Alhamisi mtoto apatwa na degedege, ndipo watafuta gari. Hakuna mtu katika nyumba ile asiyempenda mtoto, na majani hayakuwa na nia mbaya. Kilichomponyoka mtoto ni siku tatu.

Malaria haijulikani kwa kugusa paji la uso. Tone la damu hupimwa zahanati, na jibu hupatikana kabla saa moja haijaisha. Hata chai ya artemisia, mmea ule ule uliotoa dawa iliyotajwa juu, haikubaliwi na Shirika la Afya Duniani kuwa tiba wala kinga ya malaria, kwa sababu kikombe hakijulikani kina nguvu kiasi gani. Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa mapema. Na yule mwenye degedege, asiyeweza kunywa wala kunyonya, atapikaye kila kitu, au aliyelegea asiamke, asingojeshwe hata saa moja. Mama mjamzito naye asinywe dawa ya majani kabla ya kumwuliza mwuguzi.

Daftari

Mwenye nyumba atengenezaye dawa na aweke daftari. Aandike jina la mti kwa lugha ya kwao na kwa Kiswahili, mahali ulipochumwa, kiasi, tarehe, nani aliyetumia, na lililotokea. Akienda hospitali alichukue, amwambie daktari kila alichokunywa mgonjwa bila kuona haya, kwa maana majani mengine hupigana na vidonge. Na bibi ajuaye miti akaapo na wajukuu jioni, mmoja wao na aandike. Wazee wengi wamekwenda na elimu yao kwa kukosa mtu wa kushika kalamu, na waliobaki hawatangoja milele.