Je, Tahajia ya Kimelea cha Malaria Haituhusu?

Twataka kuwajibu wenzetu wasemao ya kuwa habari za jeni za kimelea cha malaria ni mchezo wa wataalamu wa mbali, wala hazimpasi mtoto wa mkulima. Neno hili tumelisikia barazani, na, kwa aibu yetu, tumelisikia hata katika mkutano wa walimu. Sisi twalikataa.

Kila kiumbe huchukua maagizo ya mwili wake yaliyoandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Herufi hizo husomwa tatu tatu. Kila tatu ni kodoni, na kodoni huagiza asidi amino moja, yaani tofali moja la kujengea protini. Kodoni ni 64, bali matofali ni 20. Kwa hiyo tofali moja aghalabu lina majina mawili au zaidi, kama vile mtu wa Mombasa asemavyo ndia na wa Unguja njia, nayo ni njia ile ile. Asparagini yaweza kuandikwa AAT au AAC.

Mwaka 2002 wataalamu walitangaza ya kuwa wamesoma maagizo yote ya Plasmodium falciparum, kimelea kiuacho watu wengi kupita wenzake: herufi zipatazo milioni 23, jeni zipatazo 5,300. Katika kila herufi 100, kama 81 ni A au T. Ndani yetu wanadamu ni kama 59, na kwa ndugu yake Plasmodium vivax hazifiki 60. Basi kimelea hiki hupenda kuandika AAT na kuiacha AAC. Huandika lisini kwa AAA na kuiacha AAG. Wala si tahajia tu. Hata matofali yenyewe yamefuata mwelekeo huo: protini zake zimejaa asparagini na lisini, na pengine asparagini hufuatana safu nzima, kama mtoto aliyeadhibiwa kuandika neno moja ubao mzima. Wako wasemao kwamba ni hila tupu ya kuudanganya mwili. Twaona wanaharakisha; makosa ya kunakili yaelekeayo A na T yatosha kueleza sehemu kubwa ya jambo hili.

“Faida yake nini?” wauliza. Wataalamu walipotaka bakteria ziwatengenezee protini za kimelea, mara nyingi bakteria zilishindwa kuisoma tahajia ile; ikawabidi waandike jeni upya kwa kodoni ambazo bakteria zimezizoea, tofali lisibadilike. Tena chanjo ya RTS,S, iliyoanza kutolewa kwa watoto wa Malawi, Ghana na Kenya mwaka 2019, huufundisha mwili kutambua kipande kinachorudiwarudiwa katika protini ya kimelea: asparagini, alanini, asparagini, prolini. Je, huo nao ni mchezo?

Na klorokwini je? Tanzania iliiacha isiwe dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Tulimsikia mzazi mmoja akiapa ya kuwa dawa ile ilishindwa kwa sababu wauzaji waliichanganya na unga. Dawa bandia zipo, hatukatai. Walakini katika jeni iitwayo pfcrt, kodoni ya 76, AAA iligeuka ikawa ACA. Lisini ikaondoka, treonini ikaingia. Herufi moja! Pamoja na mabadiliko mengine machache katika jeni ile ile, kimelea kikapata njia ya kuitoa dawa mahali ilipokuwa ikikiulia. Vimelea visivyo na badiliko hilo vilikufa, vyenye nalo vikazaana.

Mzazi huyo hata leo humpa mwanawe nusu ya dawa mseto, nusu huiweka kwa homa ijayo. Vimelea visaliavyo havimtii mashaka, kwani kwake dawa hushindwa kwa unga tu. Mwanawe yumo darasani mwetu. Wenzetu wanaotaka somo hili liondolewe na watuandikie humu, watuambie mtoto huyo ampelekee baba yake neno gani.