Anayenyima Ndiye Aeleze Sababu

Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza serikali kumbagua mtu kwa asili, dini, mavazi au lugha yake, na raia mmoja mmoja wanabanwa na katazo hilohilo. Hata hivyo, kwa miaka mingi kijana Mnubi wa Kibera, Nairobi, aliyetimiza miaka 18 hakupewa kitambulisho kwa masharti ya Wakenya wengine. Alipigwa msasa kwanza: alete karatasi za babu, afike mbele ya kamati, aambiwe arudi siku nyingine. Babu huyo huenda alikuwa askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza, aliyewekwa Kibera na Waingereza wenyewe. Bila kitambulisho kijana hasajili laini ya simu, hafungui akaunti, hapigi kura, na aliyemnyima hamwelezi lolote.

Ndiyo sababu makala haya yanashikilia hoja moja: mzigo wa kueleza umwangukie anayenyima, si anayenyimwa. Tarehe 22 Machi 2011, Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya imekiuka haki za watoto Wanubi za uraia na kutobaguliwa. Rais alitangaza kufutwa kwa msasa huo Februari 2025. Aliyekuwa na miaka minne siku ya uamuzi alikuwa anaingia utu uzima siku ya tangazo. Haki iliyothibitishwa ilichukua utoto mzima kufika mtaani.

Wapo watakaosema kwamba usalama wa nchi unadai uangalifu. Ni kweli, lakini uangalifu huchunguza hati ya mtu mmoja yenye shaka. Ukiangukia jamii nzima kwa jina na dini yake, ni ubaguzi. Wengine watasema msasa umekwisha. Lakini tangazo la rais mmoja linaweza kutenguliwa na mwingine, na desturi hii ilikwisha kuishi miaka mingi chini ya Katiba inayoikataza. Tena Ibara ya 47 inampa aliyeathiriwa na uamuzi wa ofisi haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Karatasi hiyo itolewe papo hapo, bila kuombwa.

Pingamizi zito zaidi linatoka Kawangware, mtaa wa Nairobi, ambako anayenyima si ofisi bali mtu binafsi: mpangaji anaambiwa chumba kimeshachukuliwa mara tu jina lake linapotaja kabila lake. Atathibitishaje? Mahakama Kuu iko wazi, na Ibara ya 22 inafuta ada ya kufungua kesi ya haki, lakini anayeishi kwa kibarua hawezi kupoteza siku kadhaa za ujira akifuata kesi. Ontario, Kanada, ina sheria yake ya haki za binadamu tangu 1962, na leo baraza maalumu husikiliza malalamiko ya nyumba na kazi. Nairobi nayo inahitaji baraza la karibu, litakalomwita mwenye ploti aeleze kwa nini alikataa. Bunge lina uwezo wa kuliunda, na Katiba imekwisha kuliwekea msingi.