Kliniki ya sukari si chumba cha mtihani

Msomaji, ikiwa unaugua kisukari, au nyumbani kwenu kuna mtu anayeugua, bila shaka unalijua lile juma moja linalotangulia siku ya kliniki. Chapati hukoma. Chai hunywewa bila sukari na hakuna anayelalamika. Mtu ambaye kwa miezi mitatu hajatoka langoni pasipo kupanda bodaboda, utamwona alfajiri akitembea kwa kasi kando ya barabara ya Katani, jasho likimtiririka. Usiku wa mwisho hula mboga tupu na kulala na njaa. Kesho yake hudungwa kidole, mashine husoma 5.9, muuguzi humsifu, naye hushusha pumzi kama mwanafunzi aliyeambiwa amepita. Kufikia saa saba mchana yuko hotelini, soda mkononi.

Hapa Syokimau ninakotibu, wagonjwa huita jambo hilo "kujitayarisha kwa kliniki", nao hulisema bila haya, jinsi mtu asemavyo kwamba anapiga pasi shati la Jumapili. Mimi sina ugomvi na anayekula mboga wala anayetembea. Kinachoniudhi ni kwamba siku ya kliniki imegeuzwa kuwa mtihani, na mtihani wenyewe una swali moja tu: leo asubuhi sukari ni ngapi? Swali hilo likiulizwa peke yake halimsaidii mgonjwa, na lawama ni ya wanaouliza zaidi ya wanaojibu.

Tone la damu kutoka kidoleni hueleza habari za dakika hiyo. Halijui ulikula nini mwezi uliopita. Kipimo kinachojua ni kile kiitwacho HbA1c. Sukari iliyomo mwilini hunata kwenye chembe nyekundu za damu, na kwa kuwa chembe hizo huishi siku 120 hivi, maabara inaweza kusoma wastani wa miezi miwili au mitatu iliyopita. Kipimo hiki hakidanganywi na sukumawiki ya siku nne. Kwa watu wazima wengi tunapenda kisome chini ya asilimia 7, ingawa kwa mzee aliyedhoofika, au mtu ambaye sukari yake hushuka ovyo, daktari mwenye busara hukubali zaidi ya hapo.

Kuna mama mmoja, muuzaji wa nguo, ambaye daftari lake lilijaa sita na saba zilizoandikwa kliniki baada ya kliniki kwa muda wa karibu miaka miwili. HbA1c yake ilipopimwa ilikuwa asilimia 10.8. Aliamini maabara imebadilisha chupa, akadai arudiwe kupimwa, na majibu yakawa yale yale. Sukari ilikuwa juu siku zote isipokuwa zile alizokuwa akija kutuona.

Kipimo hiki kina kasoro zake. Mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu, selimundu au figo zilizochoka anaweza kupata majibu yasiyoaminika. Tena bei yake hupita ile ya kudunga kidole, na si kila zahanati inacho. Lakini mtu ambaye hali yake imetulia anakihitaji mara mbili tu kwa mwaka, na yule aliyebadilishiwa dawa kila baada ya miezi mitatu. Kiulizie kwa jina.

Sasa, kwa nini mtu mzima, mwenye watoto na nyumba yake, amdanganye daktari anayemlipa? Hebu simama nje ya mlango wa chumba chochote cha kliniki usikilize. "Mzee, tena umekula nini?" "Mama, wewe unataka kukatwa mguu?" Haya husemwa mlango ukiwa wazi, jirani akiwa kwenye benchi. Katika uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015, karibu watu tisa kati ya kumi walikuwa hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja. Maana yake ni kwamba huyu aliyeketi mbele yetu na daftari lake ni mmoja wa wachache waliojileta wenyewe. Kumkaripia mtu wa aina hiyo ni kumfundisha mambo mawili: kuficha, au kutorudi.

Na yanayofichwa ndiyo yenye kuua. Mtu haambii daktari kwamba vidonge vya mwezi amevigawa mara mbili ili vifike mwisho wa mwezi wa pili kwa sababu karo ilikuwa imemzidi. Haambii kwamba anakunywa dawa ya miti shamba aliyouziwa stendi ya Mlolongo. Daktari anaona sukari iko juu, anaongeza dozi. Ziara ijayo bado iko juu, anaongeza tena. Siku moja mgonjwa huyo analazwa kwa homa au ajali, na wauguzi, wakifuata cheti, wanampa kila kidonge kilichoandikwa kwa saa yake. Mwili ambao haujawahi kupata dozi hiyo nzima unaipata usiku mmoja, na sukari inaporomoka hadi mtu anapoteza fahamu. Kosa la mgonjwa hapo ni dogo mno likilinganishwa na adhabu.

Wanaume nao wana lao. Huongea kuhusu chakula, miguu na mvua iliyokataa kunyesha huko Masinga, kisha wakishashika kitasa cha mlango ndipo husema kwa sauti ya chini kwamba "kule nyumbani mambo si mazuri". Bwana, sema ukiwa bado umeketi. Kupungukiwa nguvu za kiume ni jambo la kawaida kabisa kwa mwenye kisukari, huweza kutibiwa, na mara nyingine ni dalili kwamba mishipa ya damu, pamoja na ile ya moyo, inahitaji kuangaliwa.

Lipo jambo lingine linalotokana na mtihani huu, na hili ni la hatari ya papo hapo. Mgonjwa huambiwa aje bila kula. Anakula saa mbili usiku, anaamka saa kumi na moja alfajiri, anameza kidonge chake cha glibenklamidi kama desturi kwa kuwa hakuna aliyemwambia asimeze, kisha anapanda matatu. Anafika saa moja, anapewa namba 64, na damu yake inachukuliwa saa nne na nusu. Dawa hiyo huilazimisha kongosho kutoa insulini, uwe umekula au hukula. Kabla ya zamu yake kufika, mtu huyo anatetemeka, anatokwa na jasho la baridi, anaongea maneno yasiyoeleweka, na walio karibu naye hudhani ni hofu au ulevi. Sukari ikiwa chini ya 4, kula foleni ikiwepo au isiwepo: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, kisha chakula. Tembea na sukari mfukoni siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote.

Kwa kipimo cha sukari ya kabla ya mlo, saa nane za kutokula zinatosha. HbA1c haihitaji kufunga kula hata kidogo. Na kabla hujaondoka kliniki, muulize daktari swali hili: siku nitakayokuja bila kula, dawa ipi nimeze na ipi ningoje hadi nimekula? Usijiamulie, hasa ikiwa unajidunga insulini, kwa maana ipo insulini ya kungojea chakula na ipo ambayo haipaswi kuachwa.

Nije sasa kwenye miguu, ambayo naiona imesahauliwa kuliko vyote. Jiulize: katika ziara zako tatu za mwisho, ni mara ngapi uliambiwa uvue viatu? Wengi ninaowauliza hujibu kwamba hawajawahi. Kisukari huua mishipa ya fahamu ya nyayo polepole, bila maumivu, na kutokuwepo kwa maumivu ndiko kunakodanganya. Nimeshachomoa msumari mdogo kwenye soli ya kiatu cha mtu aliyekuwa amekuja nao kwa miguu, ukiwa umetoboa hadi kwenye nyama, naye hakuwa na habari. Mtaa huu wetu una udongo mweusi ambao mvua ikinyesha hung'ang'ania kila kiatu, na wengi hushinda na gambuti zenye unyevu au kandambili zisizokinga kitu. Kidonda kidogo kati ya vidole kikikaa majuma matatu bila kuhisiwa, kisa hicho kinaweza kuishia kwenye meza ya upasuaji, na mguu ukabaki huko.

Kuichunguza miguu hakutaki mashine ya bei. Daktari huangalia ngozi, kucha na kati ya vidole, hupapasa mapigo ya damu juu ya wayo, kisha hugusa nyayo kwa uzi mgumu wa nailoni unaofanana na ule wa kuvulia samaki, wewe ukiwa umefumba macho na kusema umeguswa wapi. Dakika tatu, nne. Ninajua baadhi yenu huona aibu kwa sababu ya soksi iliyotoboka. Hakuna daktari anayehesabu matundu ya soksi.

Macho yanataka kuchunguzwa kila mwaka na mtaalamu anayetia matone ya kupanua mboni ili aone nyuma ya jicho. Kupimiwa miwani dukani si uchunguzi huo. Mkojo upimwe protini iitwayo albumini, na damu ipimwe kujua figo zinafanyaje kazi. Presha nayo ipimwe kila ziara. Utafiti mkubwa wa Uingereza, UKPDS, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 5,000 wa kisukari cha aina ya pili na kutangaza matokeo yake mwaka 1998, ulionyesha kwamba kudhibiti sukari vizuri zaidi kulipunguza madhara ya mishipa midogo, ya macho na figo, kwa robo. Lakini wale wenye presha ya juu waliodhibitiwa presha kwa ukali walipungukiwa na kiharusi kwa asilimia 44. Kwa hiyo mtu anayesifiwa kwa 5.9 ilhali presha yake ni 170 juu ya 100 anasifiwa bure.

Najua jibu nitakalopewa na wenzangu: foleni ni ndefu, daktari ni mmoja. Ni kweli. Ndiyo sababu siamini dawa ya jambo hili ni kumtaka daktari awe malaika. Muuguzi anaweza kuvua watu viatu benchini wakati wanangoja. Na wagonjwa wapewe saa zao, badala ya wote sitini kuambiwa saa moja asubuhi.

Hapa kwetu shida ya saa ni kubwa kuliko kwingi. Mji huu una jina la mwaguzi wa Kikamba ambaye husimuliwa kwamba alitabiri joka refu litakalopita nchini kabla reli haijajengwa. Joka limefika na watoto wake: kituo cha treni za abiria kilifunguliwa 2012, cha reli mpya ya Mombasa 2017, na barabara ya juu ya kulipia ikaanza kutumiwa 2022. Yote haya kazi yake kubwa ni kututoa asubuhi na kuturudisha usiku. Anayefanya kazi Industrial Area au kwenye viwanda vya EPZ Athi River hawezi kuhudhuria kliniki ya saa nne asubuhi siku ya Jumanne pasipo kuomba ruhusa, na kila akiomba, msimamizi anazidi kumtazama. Hospitali zinazofungua kliniki ya sukari jioni au Jumamosi zingewapata watu hawa. Zikikawia, tutaendelea kuwapokea kupitia mlango wa dharura.

Wewe kwa upande wako, fanya mambo machache. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, uliza dirishani kabla ya siku yenyewe ni vipimo gani vitalipiwa na vipi utatoa mfukoni. Lile daftari lako, usilibadilishe kila unapobadilisha hospitali, kwa maana wengi hapa hutibiwa Syokimau mwezi huu, Nairobi mwezi ujao, na nyumbani Machakos wakati wa Krismasi. Ukurasa wa nyuma andika maswali yako, na dawa zote unazotumia, za miti shamba zikiwemo. Kama una mashine nyumbani, pima siku za kawaida, siku ya harusi na siku ya pilau, uandike bila kufuta. Na ukihitaji cheti cha kumpelekea mwajiri, daktari anaweza kuandika kwamba ulihudhuria kliniki tarehe fulani na unatakiwa kurudi tarehe fulani, bila kutaja ugonjwa wako.