Flashi kwa boda si mtandao

Kama kazini kwenu mna ofisi mbili, tuseme moja River Road na nyingine Thika, na bado kila jioni mtu wa boda anabebeshwa flashi, hebu tuongee. Utasema ni bei rahisi. Hesabu nauli ya mwezi mzima kwanza.

Wengine mmehamia WhatsApp. Huko kuna "bei mpya", "bei mpya final" na "bei mpya final ya ukweli", zote kwa grupu moja, na mteja ametumiwa ile ya kwanza. Siku hiyo mdosi hajilaumu. Anakulaumu wewe, kijana wa kompyuta usiye hata na mkataba.

Ndiyo maana nasema usingoje anunue seva. Chukua ile kompyuta kuukuu iliyojaa vumbi pale kona, na nyingine kama hiyo upande wa pili, uweke Syncthing. Ni programu ya bure, imekuwepo tangu 2013. Unazitambulisha mashine hizo mbili, unachagua folda, basi. Faili ikibadilika Thika, inabadilika River Road. Inajaribu kutuma vile vipande vilivyobadilika tu, kwa hivyo bando haliishi ovyo, na faili zenu hazikai kwa seva ya mtu mwingine.

Lakini usidanganyike kwamba kazi imeisha. Mashine zote mbili lazima ziwe zimewashwa kwa wakati mmoja ndipo ziongee. Stima ikipotea Thika, River Road inangoja. Na nyinyi wawili mkihariri faili moja kabla hazijaongea, programu haiwezi kuwaamulia nani yuko sawa. Inabakisha moja na kuipa ile nyingine jina lenye "sync-conflict", halafu mnaanza kulinganisha mstari kwa mstari. Hapo dawa ni kuelewana tu: folda hii ni ya Thika, River Road wasome bila kuigusa. Kitabu cha mauzo ambacho kila mtu anaandikia kiende Google Sheets. Akaunti ya bure ina GB 15, na hesabu za duka hazijazi hiyo leo wala kesho.

Kingine, na hapa ndipo wengi huumia: kulinganisha faili si kuzihifadhi. Mtu akifuta folda ya wateja Thika, River Road nayo inafutika, tena chapchap. Washa sehemu ya kutunza matoleo ya zamani, maana haijiwashi yenyewe. Kisha kila Ijumaa nakili kila kitu kwa diski ya nje, uichomoe, ikae mbali na hizo kompyuta. Kama ina nakala za vitambulisho vya wateja, ifungie kwa nywila. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haijali kama biashara yenu ni ndogo.

Na kabla ya haya yote, mwambie mdosi akuandikie ni nani mwenye ruhusa ya kufuta.